Kutoka Hesabu ya Miche hadi Hesabu ya Misitu: Somo la Shinyanga kwa Fedha za Umma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila msimu wa mvua unapoanza, taarifa kwa umma kutoka mikoani na wilayani hutawaliwa na takwimu za miche. Halmashauri imetangaza idadi iliyopandwa, shule imepokea miche ya matunda, kiongozi ameongoza wananchi kupanda miti kuzunguka chanzo cha maji. Takwimu hizo zina umuhimu wake, kwa kuwa nyuma yake kuna fedha za umma, muda wa watumishi na jasho la wananchi. Hata hivyo, mwananchi anayefuatilia taarifa za Serikali ana haki ya kuuliza swali la pili: baada ya viangazi vitatu, ni miche mingapi iliyo hai, na kaya zilizo jirani nayo zimepata nini?

Swali hilo si la kukatisha tamaa. Ni swali la msingi katika usimamizi wa fedha za umma, kwa sababu kinachopimwa ndicho kinachotengewa bajeti. Kazi ikipimwa kwa idadi ya miche, fedha zitaelekezwa kwenye miche. Ikipimwa kwa msitu uliosimama na hali ya maisha ya watu wanaouzunguka, fedha zitafuata njia nyingine, na mara nyingi njia iliyo nafuu zaidi. Historia ya urejeshaji wa uoto wa asili mkoani Shinyanga inathibitisha jambo hilo.

Ukubwa wa ahadi na ukubwa wa tatizo

Tathmini ya Taifa ya rasilimali za misitu, inayofahamika kama NAFORMA, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ilionesha kuwa Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo lote la nchi kavu. Tathmini hiyo hiyo ilibaini kuwa mahitaji ya miti kwa mwaka yalikuwa mita za ujazo milioni 62.3, wakati kiasi kinachoweza kuvunwa bila kuathiri uendelevu wa misitu kilikuwa mita za ujazo milioni 42.8. Upungufu wa mita za ujazo milioni 19.5 ulikuwa ukizibwa kwa kukata kuliko uwezo wa misitu kujirudishia. Takwimu ambazo Serikali iliziwasilisha katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi zilionesha kuwa kati ya mwaka 2002 na 2013 Tanzania Bara ilikuwa ikipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka.

Katika kukabiliana na hali hiyo, mwaka 2018 Tanzania iliahidi kurejesha hekta milioni 5.2 za ardhi iliyoharibika chini ya mpango wa nchi za Afrika wa kurejesha hekta milioni 100 ifikapo mwaka 2030, ujulikanao kama AFR100. Eneo hilo linakaribia mara mbili ya Mkoa wa Tanga. Ndani ya nchi, kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti isiyopungua milioni 1.5 kwa mwaka.

Hesabu ndogo inatosha kuonesha uzito wa suala la ufuatiliaji. Kwa halmashauri 184 za Tanzania Bara, lengo hilo ni sawa na miti milioni 276 kwa mwaka. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, ambayo hutumika katika mashamba mengi ya miti, hekta moja huchukua takribani miche 1,111. Kwa hiyo, kama halmashauri zote zingefikia lengo na mche hata mmoja usife, eneo ambalo lingefunikwa ni hekta zipatazo 248,000, yaani zaidi kidogo ya nusu ya eneo lililokuwa likipotea kila mwaka katika kipindi kilichotajwa. Iwapo nusu ya miche itakufa, eneo hilo litapungua hadi hekta 124,000.

Hesabu hii inaleta hitimisho mbili. Kwanza, kupona kwa miche kuna uzito sawa na kupandwa kwake, na hivyo taarifa inayotaja upandaji pekee imeeleza nusu ya jambo. Pili, upandaji peke yake hauwezi kuifikisha nchi kwenye lengo. Inahitajika njia ya kurejesha maeneo makubwa kwa gharama ndogo, sambamba na kupunguza ukataji wenyewe, kazi ambayo kwa upande wa nishati imewekewa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania.

Shinyanga: msitu ambao haukupandwa

Katika miaka ya 1980, Shinyanga ilikuwa imefikia hatua ya kuitwa Jangwa la Tanzania. Hali hiyo haikutokea kwa siku moja. Wakati wa ukoloni mapori yalifyekwa kwa maeneo makubwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba na tumbaku yalipanuka, mifugo ikaongezeka, na mahitaji ya kuni yakakua. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, pamoja na manufaa yake katika kusogeza huduma za jamii, iliwahamisha watu kutoka kwenye makazi yao ya awali na kuwaacha mbali na maeneo ya malisho waliyokuwa wakiyatunza kwa mila.

Maeneo hayo huitwa ngitili. Ni utaratibu wa muda mrefu wa Wasukuma wa kufunga sehemu ya ardhi wakati wa masika, isichungwe wala kulimwa, ili nyasi na miti vikue na kuwa akiba ya malisho wakati wa kiangazi. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ngitili zilizokuwa zimesalia na kuorodheshwa zilikuwa na ukubwa wa takribani hekta 600 tu katika mkoa mzima.

Jambo la kuzingatia kwa mfuatiliaji wa fedha za umma lilitokea katika miaka ya mwanzo ya mradi huo. HASHI, ambayo baadaye ilipata ufadhili wa Serikali ya Norway, ilianza kama miradi mingi inavyoanza, kwa vitalu na ugawaji wa miche. Kadiri muda ulivyokwenda, wataalamu walibaini kuwa wananchi walikuwa na mwitikio mkubwa zaidi kwa utaratibu walioujua wenyewe. Maofisa wakaelekeza nguvu katika kuwasaidia wanakijiji kuainisha maeneo, kuyafunga na kuyawekea sheria ndogo. Ulinzi uliachwa mikononi mwa taasisi za jadi: dagashida, ambalo ni baraza la wananchi katika mila za Wasukuma, lilitoa maamuzi, na sungusungu wakasimamia utekelezaji. Visiki na mizizi iliyokuwa bado hai ardhini ilichipua yenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizorejeshwa zilikadiriwa kufikia kati ya hekta 300,000 na 500,000 katika vijiji 833. Sehemu kubwa ya msitu huo haikupitia kwenye kiriba. Kama mradi ungeendelea kupimwa kwa miche iliyotoka kitaluni, mafanikio yake makubwa kuliko yote yasingeonekana katika taarifa yoyote ya robo mwaka, na huenda ofisa aliyeacha kugawa miche ili afanye kazi na dagashida angeonekana hakutimiza lengo lake.

Kilichojulikana kwa sababu kilipimwa

Mradi ulipofikia ukingoni mwaka 2004, Wizara ya Maliasili na Utalii kwa kushirikiana na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira (IUCN) ilifanya tathmini ya kina iliyochapishwa mwaka 2005. Tathmini hiyo haikuishia kwenye hekta. Ilikwenda hadi kwenye kaya na kuuliza ngitili imeleta nini nyumbani.

Majibu yalikuwa ya kueleweka kwa mtu yeyote. Thamani ya bidhaa zitokanazo na ngitili, zikiwemo kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, malisho, asali, matunda pori na dawa za asili, ilikadiriwa kufikia dola za Marekani 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu mmoja vijijini nchini ulikuwa dola 8.50. Muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa kati ya saa mbili na saa sita kwa siku, nafuu ambayo kwa sehemu kubwa iliwafikia wanawake na watoto. Katika kaya 240 zilizohojiwa katika vijiji 12, asilimia 64 zilisema hali yao ya maisha imekuwa bora kutokana na ngitili. Zaidi ya aina 150 za mimea na aina 145 za ndege zilirekodiwa katika maeneo yaliyokuwa matupu.

Takwimu hizo ndizo zinazoufanya mfano wa Shinyanga uendelee kutajwa duniani hadi leo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Bila tathmini ile, ngitili zingekuwa simulizi nzuri ya wazee, na wala si hoja ya kibajeti.

Pamoja na hayo, tathmini hiyo inaacha mafunzo mengine mawili. La kwanza ni kwamba ilifanyika mwishoni. Mradi uliendeshwa kwa karibu miaka 18 kabla ya kipato cha kaya kuhesabiwa kwa kina, hivyo yaliyobainika yalichelewa kuwasaidia wasimamizi kurekebisha kasoro wakati fedha zilikuwa bado zikitolewa.

Fundisho la pili linahusu mgawanyo wa manufaa. Katika vijiji 172 vilivyochunguzwa, zilihesabiwa ngitili 18,607, na kati ya hizo ni 284 pekee zilizokuwa za jumuiya. Nyingine zote zilikuwa za kaya. Mwenye ardhi kubwa ana uwezo wa kufunga sehemu yake na kubakiwa na eneo la kulima. Asiye na ardhi ya ziada hutegemea ngitili ya kijiji, ya shule au ya taasisi. Wastani wa dola 14 ni habari njema, lakini wastani humficha aliye chini yake. Kwa hiyo, ufuatiliaji unaostahili kuaminiwa ni ule unaotenganisha kaya zenye ardhi na zisizo nayo, na kaya zinazoongozwa na wanawake na zile zinazoongozwa na wanaume.

Kuna pia suala la mipaka ya kiutawala. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Simiyu na Geita, ambayo ilichukua baadhi ya wilaya zilizokuwa sehemu ya Shinyanga ya zamani, ikiwemo Bukombe. Anayelinganisha takwimu za mkoa wa leo na za mwaka 2004 bila kuzingatia mabadiliko hayo atadhani maelfu ya hekta yametoweka, ilhali yako katika mkoa jirani. Takwimu za urejeshaji zinapaswa kutunzwa kwa ngazi ya kijiji ili zibaki na maana hata mipaka inapobadilika.

Kalenda ya fedha na kalenda ya mvua

Eneo jingine linalohitaji kuangaliwa ni tofauti kati ya mwaka wa fedha na msimu wa kilimo. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kumalizika Juni 30. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Shinyanga na Dodoma, mvua huanza Novemba au Desemba. Ili mche uwe tayari kwa kupandwa wakati huo, mbegu hutakiwa kuwa kitaluni katika miezi ya mwanzo ya mwaka wa fedha, kwa kuwa miche mingi huhitaji miezi kadhaa ya matunzo.

Fedha zikichelewa hadi Februari, kitabu cha hesabu kitaonesha kuwa zimetumika, viriba vimenunuliwa na miche ipo, lakini mvua zitakuwa ukingoni. Mche unaopandwa wiki chache kabla ya kiangazi huwa umehesabiwa kama mafanikio siku ya kupandwa, na kifo chake hakimo katika taarifa yoyote. Kwa sababu hiyo, tarehe ya fedha kufika kwenye kitalu inapaswa kuwa sehemu ya taarifa ya utekelezaji sawasawa na kiasi cha fedha chenyewe.

Tatizo hili ni dogo zaidi kwa urejeshaji wa asili. Katika Mkoa wa Dodoma, wakulima wamekuwa wakitumia njia iitwayo kisiki hai: mkulima huchagua machipukizi bora yanayoota kutoka kwenye kisiki, huondoa mengine, huyawekea alama yale aliyoyabakiza na kuyalinda dhidi ya mifugo na jembe. Mti wa namna hiyo tayari una mizizi mirefu na hauhitaji kumwagiliwa. Gharama yake kubwa ni elimu na ufuatiliaji. Hata hivyo, fomu yenye safu moja ya "miche iliyopandwa" haina mahali pa kuuandika.

Nani anafuatilia, na kwa mamlaka gani

Nchi haina upungufu wa vyombo vya usimamizi. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) husimamia misitu ya hifadhi ya Serikali Kuu. Halmashauri zina wataalamu wa misitu na mazingira. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakipa kijiji uwezo wa kutenga na kusimamia msitu wa hifadhi katika ardhi yake. Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina jukumu la kukusanya na kutunza takwimu za kaboni.

Kwa upande wa fedha, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kwa mujibu wa Ibara ya 143 ya Katiba na Sheria ya Ukaguzi wa Umma, hukagua hesabu na pia hufanya ukaguzi wa ufanisi, yaani kuangalia kama fedha zilizotumika zimeleta matokeo yaliyokusudiwa. Taarifa zake huwasilishwa kwa Rais na kisha bungeni, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa huzifanyia kazi. Ukaguzi wa ufanisi ndio unaolingana zaidi na asili ya misitu, kwa kuwa stakabadhi ya ununuzi wa miche inaweza kuwa sahihi kabisa na bado eneo likabaki tupu.

Picha za satelaiti nazo zinasaidia kuona mabadiliko ya uoto kwa maeneo makubwa. Lakini miti michanga haionekani kwa urahisi kutoka angani katika miaka ya mwanzo, na hakuna picha inayoweza kueleza nani anaruhusiwa kukata nyasi au asali ya msimu uliopita iliuzwa kwa shilingi ngapi. Majibu hayo yapo kijijini, na chombo chenye uwezo wa kuyapata mapema kuliko vyote ni Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa utaratibu hukutana kila baada ya miezi mitatu.

Uzoefu unaonesha kuwa ufuatiliaji wa kijiji huimarika pale msitu unapoleta mapato yanayoonekana. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha usimamizi endelevu wa misitu, hatua iliyofungua soko la mpingo uliovunwa kwa utaratibu. Katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, vijiji vinavyohifadhi misitu vimepata mapato ya biashara ya kaboni na kuyaelekeza katika huduma za jamii, yakiwemo majengo ya afya na elimu. Mwananchi ambaye zahanati yake imejengwa kwa fedha za msitu ana sababu ya kuuliza mti umekwenda wapi.

Taarifa inayostahili kutolewa

Hoja ya makala hii si kuacha kuhesabu miche. Idadi ya miche itaendelea kuhitajika, kwa sababu ndiyo inayothibitisha kuwa kilichonunuliwa kilipokelewa na kupandwa. Ni kweli pia kwamba kurudi shambani baada ya mwaka wa kwanza na wa tatu kuna gharama ya usafiri, mafuta na muda wa wataalamu wachache waliopo. Lakini hakuna haja ya kuhesabu kila mti. Sampuli iliyochaguliwa vizuri, ikihesabiwa na ofisa misitu pamoja na wajumbe wa Kamati ya Maliasili ya Kijiji, hutoa picha ya kuaminika kwa gharama ndogo kuliko kupanda upya kila mwaka mahali palepale.

Taarifa ya halmashauri kuhusu urejeshaji wa misitu ingekamilika kama ingekuwa na mambo manne. La kwanza ni idadi ya miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu, ikioneshwa karibu na idadi iliyopandwa. La pili ni hekta zinazorejeshwa kwa njia ya asili, ziwe ngitili, kisiki hai au msitu wa hifadhi wa kijiji. La tatu ni manufaa yaliyofika kwenye kaya, kwa fedha na kwa muda uliookolewa, yakichambuliwa kwa makundi ya wananchi. La nne ni kiasi cha fedha kilichofika katika ngazi ya utekelezaji na tarehe kilipofika.

Kwa mwananchi, hatua ya kwanza haihitaji utaalamu. Katika Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, maswali matatu yanatosha kufungua mjadala: miti iliyopandwa mwaka juzi iko wapi, nani alipewa jukumu la kuitunza, na nani ana haki ya kuvuna kitakachotokana nayo. Majibu yaandikwe katika muhtasari wa mkutano, yasomwe tena msimu unaofuata. Hekta milioni 5.2 zilizoahidiwa zitahesabiwa mwaka 2030, na hesabu hiyo itaanzia katika daftari la kijiji.